Uzi: Kuchanganya maua ya msimu na maua ya kudumu kwenye tuta moja la kiangazi

TutaRefu

Wakuu, habari za bustani. Uzi huu ni wa wanaotaka tuta la maua linalochanua kiangazi chote bila mapengo ya majani matupu katikati.

Maua ya kudumu, yale ambayo mizizi yake hubaki hai ardhini mwaka hadi mwaka, mengi huchanua wiki tatu hadi sita kisha hupumzika. Maua ya msimu huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja. Kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuzaa mbegu, ukiyazuia yasizikomaze yataendelea kuchanua miezi mitatu na zaidi. Ya kudumu hulipatia tuta umbo, ya msimu huziba pengo la rangi.

Ugomvi wao uko chini ya ardhi. Ya kudumu hayapendi kuchimbuliwa, wakati ya msimu yanataka udongo uliolegezwa na kurutubishwa kila mwaka. Ukichomeka miche ya msimu popote unapoona nafasi, kila mwaka utakuwa unakata mizizi ya ekinasia na rudbekia kwa sepeto. Kwa hiyo yatengee maua ya msimu viraka vyake tangu siku ya kwanza, na jembe lisivuke mpaka wa viraka hivyo.

Mfano wa tuta la mita 5 kwa 2, lenye jua la saa sita au zaidi kwa siku:

Ya kudumu: floksi ndefu (Phlox paniculata) 5 kwa nafasi ya sm 60, rudbekia (Rudbeckia fulgida) 5 kwa sm 45, ekinasia 7 kwa sm 45, Salvia nemorosa 7 kwa sm 40, akilea 3 na nepeta 3 kwa sm 50. Yakikomaa yatachukua karibu mita 7 za mraba.

Ya msimu, kwenye mita 3 zilizobaki: kosmosi fupi 5 kwa sm 40, zinia 15 kwa sm 28 hivi, Salvia farinacea 5 kwa sm 30, alisamu 15 kwa sm 20 ukingoni mwa mbele.

Viraka viwe vitatu au vinne, vya ukubwa wa mita moja ya mraba au pungufu kidogo, vikikaa mbele na katikati ambako mkono unafika bila kukanyaga. Rudia rangi ileile ya msimu katika kila kiraka. Ya kudumu yanapopokezana kuchanua, rangi hiyo inayojirudia ndiyo inayofanya tuta lionekane kitu kimoja.

Kuandaa: chimba sm 30 kwa uma wa bustani, si sepeto, kwa sababu sepeto hukatakata mizizi ya sangari na vitunguu vya ndago, na kila kipande huwa gugu jipya. Tandaza mboji iliyoiva unene wa sm 5 juu ya tuta zima. Kwa mita 10 za mraba hiyo ni lita 500, sawa na ndoo 25 za lita 20. Changanya na udongo, sawazisha kwa reki, acha utulie wiki moja. Kabla ya yote pima kama maji yanapita: chimba shimo la sm 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kina kisiposhuka walau sm 2.5 kwa saa, inua tuta sm 15 hadi 20 au badilisha orodha ya mimea, maana akilea, nepeta na ekinasia zitaoza mizizi.

Panga ya kudumu kwanza yakiwa bado kwenye vyungu, yaweke juu ya udongo, rudi nyuma uangalie, kisha chora mipaka ya viraka kwa mchanga. Baada ya hapo ndipo uchimbe mashimo.

Kitako

Naongeza hapo kwenye kupanda, maana ndipo ya kudumu mengi yanapopotea.

Kila mmea wa kudumu una kitako, yaani pale mashina yanapokutana na mizizi. Kitako kikae usawa wa udongo kama kilivyokuwa kwenye chungu. Ukikizika kwa sm 3 au 4, unyevu unakaa kwenye machipukizi na yanaoza. Ukikiacha juu, mizizi inakauka. Mwagilia chungu nusu saa kabla ya kuhamisha. Mizizi ikiwa imezunguka chungu kama kamba, ichambue kwa vidole, la sivyo itaendelea kuzunguka humohumo na mmea utabaki umedumaa mwaka mzima.

Na mwaka wa kwanza kila mtu huona ya kudumu yameachana mno. Usiyasogeze! Mwaka huo yanajenga mizizi, wa pili yanaanza kutanuka, na mengi hufikia upana wake mwaka wa tatu. Katikati yake tia alisamu tu, sm 20 hadi 25 kutoka kila kitako. Ni fupi, mizizi yake haiendi mbali, na inafunika udongo usikauke.

Mwanabustani_B

TutaRefu, mbona umesema kosmosi fupi? Zile ndefu si ndizo zinazojaza tuta haraka?

TutaRefu

Zinajaza, ndiyo shida yake mkuu. Kosmosi ndefu inafika mita 1.2 na zaidi. Majani yake ni membamba na yanapitisha mwanga, kwa hiyo tuta likishakomaa inaweza kusimama katikati ya floksi bila kuidhuru. Lakini mwaka wa kwanza ekinasia ina sm 20 tu, na mvua moja ya upepo ikiilaza kosmosi juu yake, ekinasia inakaa chini ya majani yenye maji hadi inaoza. Aina fupi kama 'Sonata' huishia sm 60 hivi na kwa kawaida hazihitaji kigingi.

Tithonia na alizeti ndizo za kuogopa zaidi. Zina majani mapana na hunywa maji mengi. Ukizitaka, ziweke mwisho wa tuta, upande ambao kivuli chake kinaangukia nje. Petunia za kutambaa nazo ziangalie: hazina urefu, lakini matawi yake hupanda juu ya Salvia nemorosa ambayo bado changa na kuifunika kabisa.

Jambo jingine, usipange urefu kama ngazi, fupi mbele na ndefu nyuma bila kubadilika. Tuta la hivyo huonekana bapa. Leta mbele mimea miwili mitatu mirefu yenye mashina membamba kama gaura au Verbena bonariensis, macho yapite katikati yake.

UdongoKwanza

Swali la mbolea. Zinia na petunia ni walaji, akilea na nepeta hazitaki. Unalishaje tuta moja?

Kitako

Hapo ndipo viraka vinalipa. Ya kudumu yape mboji pekee, sm 2 hadi 3 mwanzoni mwa msimu, ukizunguka kitako bila kukigusa. Floksi inaweza kupata zaidi kidogo. Akilea, gaura na nepeta zikipata naitrojeni nyingi hutoa mashina marefu laini yanayolala katikati kama kiota, na hakuna kigingi kinachorudisha umbo lake.

Viraka vya msimu viongezee mboji sm 3 kila mwaka kabla ya kupanda. Kwa mita 3 za mraba ni lita 90, ndoo nne na nusu. Wiki tatu au nne baada ya kupandikiza, anza mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, kila wiki mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, na uimwage kwenye udongo uliokwisha kulowa ndani ya kiraka peke yake. Udongo mkavu ukipata chumvi za mbolea mizizi inaungua, na kesho yake kingo za majani zinakuwa kahawia.

Kosmosi usiilishe hata kama iko kirakani. Ikishiba naitrojeni inafanya majani na kuchelewesha maua. Ukiiona ndefu, ya kijani kibichi na haina tumba hata moja wakati jirani zake zimechanua, jibu mara nyingi ni hilo.

MajiAsubuhi

Maji: lenga milimita 25 kwa wiki, ukijumlisha na mvua. Hiyo ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, lita 250 kwa tuta la mfano, zigawe mara mbili kwa wiki. Kumwagilia kidogokidogo kila siku kunaifanya mizizi ya kudumu ibaki juu, halafu joto kali likija mmea hauna akiba. Miche mipya ya msimu ni tofauti: wiki mbili za kwanza ipe maji kila siku moja au mbili, kwa kopo, kwenye shina lake, usilowanishe tuta zima kwa ajili yake.

Matandazo sm 5 hadi 7 baada ya kupanda, yaache wazi sm 5 kuzunguka kila kitako. Kiraka ulichopanda mbegu moja kwa moja kisitandazwe hadi miche ifike sm 10.

Sasa magonjwa, maana zinia na floksi zote mbili hupata ubwiri unga na watu huchanganya sababu. Unga mweupe juu ya jani hauhitaji jani lililolowa. Unapenda hewa iliyotuama yenye unyevunyevu, na mmea uliobanwa au wenye kiu. Dawa ya kwanza ni nafasi. Kwenye floksi iliyokomaa, chipukizi zikifika sm 15 kata zile dhaifu usawa wa ardhi, bakiza mashina matano hadi saba yenye nguvu, hewa ipite. Mabaka ya kahawia au meusi kwenye zinia ni jambo lingine kabisa: hayo ni ukungu wa Alternaria au bakteria wa Xanthomonas, na hayo ndiyo yanayosambazwa na matone ya maji yanayoruka kutoka udongoni. Kwa hiyo mwagilia chini, asubuhi, na usiguse zinia zikiwa mbichi kwa umande.

Ukiwa sehemu yenye unyevu mwingi, achana na zinia za maua makubwa, tumia Zinnia angustifolia au zile za kundi la Profusion. Zinastahimili zaidi na hazivuki sm 40 hivi.

Mwanabustani_B

Kuna ushauri kwamba marigodi chache zikipandwa katikati zinafukuza minyoo ya mizizi. Nizitie kwa ajili hiyo?

UdongoKwanza

Zitie kwa ajili ya rangi. Tagetes patula inapunguza baadhi ya minyoo fundo, hilo ni kweli, lakini ikipandwa kwa wingi, imefunika eneo lote kwa msimu mzima, kisha inachimbiwa ardhini. Mimea sita kati ya ekinasia haibadilishi kitu. Tena koa na konokono wanapenda marigodi changa sana, pamoja na zinia na delfiniumu. Wiki mbili za kwanza pita na tochi usiku uwaokote, au funika kila mche kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uiondoe mchana wa jua kali.

Petali5

Niongelee mapengo ya katikati ya msimu, maana huko ndiko mchanganyiko huu unakoonyesha thamani yake.

Popi kubwa (Papaver orientale) huchanua mapema, kisha majani yake yanakuwa njano na kupotea yote. Inaacha tundu la nusu mita katikati ya tuta. Gertrude Jekyll (1843–1932), aliyetunza tuta refu maarufu nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, Uingereza, alipanda jipsofila nyuma ya popi ili itambae juu ya pengo hilo, na jipsofila ilipoanza kukauka akaongoza nasturtiumu za kutambaa juu yake. Mmea wa kudumu unafuatwa na mwingine, halafu wa msimu unamalizia. Ufundi huo unafanya kazi leo vilevile. Badala ya nasturtiumu unaweza kutumia kosmosi au dalia iliyopandwa sm 40 kutoka kwenye popi, ili ifikie upana wake wakati popi inalala.

Nepeta na Salvia nemorosa haziachi tundu, zinachakaa tu. Zikimaliza awamu ya kwanza, kata nepeta hadi theluthi ya urefu wake, na salvia kata kila suke la maua hadi kwenye majani ya chini. Mwagilia sana siku hiyo. Zitachanua tena baada ya wiki nne hadi sita. Zinia au Salvia farinacea ikiwa sm 30 nyuma yake inabeba sehemu hiyo kwa muda wote. Panda mbegu za zinia wiki nane hivi kabla ya siku unayotarajia kukata, uzipate zikiwa na maua.

Unaweza pia kusogeza saa ya ya kudumu yenyewe. Floksi na rudbekia zikiwa zimefikia nusu ya urefu wake na bado hazijaweka matumba, kata theluthi ya juu ya mashina ya mbele peke yake. Yale ya nyuma yanachanua kwa wakati wake, yaliyokatwa yanafuata wiki mbili tatu baadaye, tena yakiwa mafupi na imara zaidi. Popi, delfiniumu na peoni usizifanyie hivyo, utakuwa umetupa maua ya mwaka.

Kitako

Petali5 umegusa mbegu. Vipimo basi: zinia isiatikwe ikiwezekana, inachukia kuguswa mizizi. Ipande palepale kwa kina cha nusu sentimita, udongo ukiwa na nyuzi 21 za Selsiasi au zaidi, inaota siku nne hadi saba. Kosmosi vilevile, kina kisizidi sentimita moja. Alisamu na petunia zinahitaji mwanga ili ziote, zikandamize kwenye udongo uliolowa usizifunike. Salvia farinacea ni ya polepole, ianze kitaluni wiki nane hadi kumi kabla ya kuhamishia tutani. Miche ya kitaluni izoeshwe nje siku saba hadi kumi, kuanzia muda wa saa mbili tu kwa siku kivulini, usiitoe kivulini ukaitia juani siku hiyohiyo. Majani yataungua yawe meupe.

Zinia na kosmosi zikifika sm 20 hadi 25, kata ncha juu ya jozi ya tatu ya majani. Kila jozi inatoa matawi mawili, na unachelewa siku chache tu.

Mwanabustani_B

Na kuondoa maua yaliyonyauka, unakata wapi? Kwenye kosmosi sijui kipi ni tumba na kipi kimekwisha.

Petali5

Kiguse. Tumba jipya la kosmosi ni la mviringo, bapa kidogo kwa juu na gumu kama punje ya njegere. Lililokwisha kupukutisha petali limechongoka, na ukilibinya unasikia mbegu ndefu nyembamba ndani. Hilo lifuate chini hadi kwenye jani au tawi la kwanza, kata hapo. Ukikata shingo tu, tuta litajaa vijiti vitupu.

Zinia kata juu ya jozi ya majani yenye chipukizi. Petunia usivute petali peke yake, hiyo haisaidii kitu: kifuko cha mbegu kiko chini yake, ndani ya kile kikombe cha kijani chenye kunata, nacho lazima kiondoke. Alisamu ikianza kuchoka katikati ya kiangazi, inyoe nusu nzima kwa mkasi, ndani ya wiki mbili tatu inarudi. Ekinasia na rudbekia za mwisho wa msimu ziache na vichwa vyake, ndege hula mbegu.

JaniBichi

Naomba kuweka jambo moja sawa. Hii mipaka ya msimu na kudumu inategemea hali ya hewa. Salvia farinacea, petunia na alisamu kwa asili yake zinaweza kuishi zaidi ya mwaka. Jalidi ndiyo inayoziua. Pasipo na jalidi, Salvia farinacea itakuwa kichaka, na kiraka chako hakitakuwa kiraka tena, hivyo ihesabu upande wa kudumu na uipe nafasi ya sm 45 hadi 60. Kinyume chake, peoni, delfiniumu na popi kubwa zinahitaji kipindi cha baridi ili zichanue vizuri. Kwenye joto la mwaka mzima zinadhoofika, hata zikitunzwa vipi. Agapanthasi, kana, gaura na hemerokali zisizopoteza majani mwaka mzima ndizo za kushika nafasi hizo. Rudbeckia hirta nayo huuzwa kama ya kudumu lakini mara nyingi haivuki mwaka wa pili, usijenge tuta juu yake.

TutaRefu

Shukrani JaniBichi, hilo ni muhimu.

Namalizia mwisho wa msimu, maana makosa yake yanaonekana mwaka unaofuata. Usinyofoe maua ya msimu yaliyo karibu na ya kudumu. Mizizi imeshashikana, ukivuta zinia unachana mizizi ya salvia. Kata shina usawa wa udongo, mizizi iozee humohumo. Yaliyougua tu ndiyo yachimbuliwe taratibu kwa koleo dogo, pamoja na majani yake yote yaliyoanguka, na yasiingie kwenye mboji.

Kabla maua ya kudumu hayajapotea ardhini, chomeka kijiti kando ya kila kitako. Ekinasia huchelewa kuchipua, na watu huchimba kiraka juu yake wakidhani pako wazi. Kosmosi, kleome na nijela zitakuwa zimemwaga mbegu. Zikiota, bakiza mche mmoja kila sm 30 ndani ya kiraka, na nje ya kiraka ng'oa zote zikiwa na majani manne, kabla hazijafunika chipukizi za kudumu.

Mwaka wa pili ondoa alisamu za katikati ya kudumu. Wa tatu, viraka vitakuwa vimebanwa hadi mita 2 hivi za mraba, ni sawa, punguza zinia zibaki kumi. Mwaka wa tatu au wa nne akilea na rudbekia zitaanza kuwa wazi katikati. Zichimbue, tupa katikati palipozeeka, rudisha vipande vya pembeni vyenye machipukizi matatu hadi matano, na kiraka kinarudi ukubwa wake.

UdongoKwanza

Na pale ambapo mizizi ya kudumu imejaa kiasi kwamba hata koleo haliingii?

TutaRefu

Zika chungu kitupu cha kipenyo cha sm 20 hadi 25 chenye matundu, mdomo ukiwa sm 2 juu ya udongo. Panda ya msimu kwenye chungu kingine cha kipimo hichohicho, kidumbukize ndani. Kikichoka unakitoa na kuweka kingine bila kugusa mzizi wowote. Ila kimwagilie peke yake, kila siku wakati wa joto, maana kiasi kile cha udongo hakina akiba, na chungu cha ndani kinyanyue kila baada ya wiki mbili, ukate mizizi inayotaka kutokea chini.